Mwaka Niliokataa Kahawa ya Mama Mkwe

Watu wengi hubadili dini kwa kusikia mahubiri. Mimi nilikaribia kubadili yangu kwa sababu ya mwanamke aliyekataa kikombe cha chai.

Ilikuwa Bukoba mjini, miaka ile ya ujamaa, tulipokuwa tukiitwa semina mara kwa mara na kurudi tumepoteza sauti kwa kuimba. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi iliyo karibu na ziwa. Ndoa yangu ilikuwa na mwaka wa nne, na mume wangu alikuwa karani kwenye ghala la kahawa la ushirika. Mwanamke mwenyewe alikuwa Mmarekani, mke wa mtaalamu wa ng'ombe aliyekuwa kwa mkataba na serikali. Mara mbili kwa wiki alikuja shuleni kwetu kuwafundisha wasichana wakubwa kushona. Saa nne, walimu tulipokusanyika kunywa chai, yeye alimimina maji ya moto kikombeni, akatia maziwa na sukari, akanywa huku akitabasamu.

Jambo hilo lilitukera kupita kiasi. Mwalimu mkuu aliona ni dharau kwa birika letu. Mwalimu wa hesabu akasema labda ana ugonjwa wa tumbo. Mwingine, aliyejifanya anajua historia, akasema Wamarekani wana ugomvi wa zamani na chai. Mimi sina kifua cha kuhifadhi swali, kwa hiyo nilimwendea.

"Mama, chai yetu ina kasoro gani?"

Alicheka. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno likisimama peke yake. "Chai haina kosa, Mwalimu. Ni dini yangu. Sisi hatunywi chai, hatunywi kahawa, hatunywi pombe, hatuvuti sigara."

Nilimwonea huruma. Kwetu kahawa ndiyo iliyoezeka nyumba kwa bati na kutupeleka shule, na mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa habari za alikotoka. Na bila lubisi, pombe yetu ya ndizi, hakuna posa wala arusi wala wazee wa kukaa kikao. Nilijisemea kwamba dini hiyo iliteremshwa duniani bila kupita kwetu Buhaya.

Akaniambia wao ni Wamormoni. Hakuwa na habari ya kanisa lao lolote katika nchi yetu, na Jumapili walisali sebuleni kwao, yeye na mumewe na watoto wao wawili. Akaishia hapo. Hakunipa karatasi, hakunialika, hakuniuliza kama nimeokoka. Nadhani ndiyo maana nilimwamini.

Sasa niseme lile ambalo wakati huo nilikuwa nimelikwepa kwa miaka mitatu. Mtoto wangu wa kwanza hakuishi. Nilikuwa nimepelekwa kwa mama mkwe, kijijini karibu na Nshamba, ili mzaliwa wa kwanza azaliwe kwao kama ilivyo desturi. Ilikuwa kiangazi kikali. Mtoto alikuja wiki nyingi kabla ya wakati wake, asubuhi, na jua halijafika utosini alikuwa amekwisha kufa. Mimi nilipoteza damu nyingi nikazimia. Nilipozinduka mikono yangu ilikuwa mitupu, na mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni amenipa mgongo.

Walimzika kibanjani, kati ya migomba nyuma ya nyumba. Hakuwa amepewa jina, na wazee wa pale walisema mtoto asiye na jina hakaliwi matanga. Majirani walinipa pole kama mtu aliyetoka kuugua malaria. Wakasema mimi bado kijana, nitapata mwingine.

Padri wa parokia alikuja kunitazama baada ya wiki mbili, nami nikamuuliza mwanangu yuko wapi. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikaa kwenye kigoda, kofia mapajani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto asiyebatizwa hapati adhabu, yuko mahali pa amani, ila uso wa Mungu hatauona. Nikamuuliza kama mimi nitamwona nikifa. Akasema tusali. Baada ya hapo nilikwenda misa kila Jumapili, nikaimba kwaya, nikapokea komunyo, na muda wote huo nilikuwa na hasira na Mungu hadi meno yakaniuma. Sikumwambia mtu.

Siku moja nilikuwa namsaidia yule mama kusahihisha pindo walizoshona wasichana. Akaniuliza nina watoto wangapi, swali ambalo kila mtu humuuliza mwanamke. Nikasema sina. Halafu, sijui kwa nini, nikasema alikuwepo mmoja, na nilipoanza kueleza sikuweza kusimama mpaka nimefika mwisho.

Aliweka kitambaa chini. "Kwetu tunaamini mtoto mdogo hana dhambi ya kuoshwa," akasema. "Akifa anakwenda kwa Mungu moja kwa moja. Hahitaji ubatizo. Na mama yake atampata huko, atamlea."

"Atamlea? Yaani atambeba?"

"Atambeba," akasema.

Nililia mpaka wasichana wakatoka nje wenyewe bila kuambiwa. Kuanzia siku hiyo nikataka kuwa Mmormoni. Kitabu chao alichoniazima kilinishinda, maana Kiingereza chake kilikuwa kizee na majina ya watu wake hayakai mdomoni. Nilikirudisha nimefungua kurasa chache tu. Nilikuwa nimekwisha kusikia nililokuwa nalitaka.

Mume wangu si mtu wa kufoka. Nilipomweleza alivuta kiti karibu.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo alivyoniita akitaka kunitania, "mume wako anapima kahawa, anaandika kahawa, analipwa kwa kahawa, hata shati lake linanuka kahawa. Wewe utakaa na nani?"

Nikamwambia sitanii. Akaacha utani. "Basi usiache mbachao kwa msala upitao. Hawa mkataba wao ukiisha watapanda ndege. Utabaki Mmormoni peke yako Bukoba nzima. Ukifa atakuzika nani?"

Hilo la kuzikwa lilinigusa kuliko alivyojua. Kwetu mtu anaweza kuishi kwa ubishi wake, lakini hawezi kujibebea jeneza. Waislamu wa mjini, ambao walikuwa wachache kuliko sisi, walikuwa na wenzao wa kuwasalia. Walutheri walikuwa na wao. Mimi ningekuwa na barua kutoka Marekani. Na mama yangu mzazi, ambaye alivaa rozari hata shambani, angeniona kama niliyekufa kabla ya kufa.

Kulikuwa na jingine zito zaidi. Nilimuuliza yule mama kama mume wangu, akikubali siku moja, angeweza kuwa kama mume wake, yaani aongoze sala nyumbani na abatize. Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni.

"Kwa sasa hapana," akasema. "Wanaume weusi wanabatizwa, lakini ukuhani hawapewi."

"Kwa nini?"

"Nimeambiwa sababu nyingi, Mwalimu. Sikuamini hata moja. Ninaomba ibadilike."

Sikumsemesha wiki nzima. Tulikuwa tumetoka juzi kwenye ukoloni, tumeimbishwa usawa wa binadamu hadi koo zimekauka, halafu mimi kwa miguu yangu naitafuta nyumba ambayo mume wangu atasimamishwa mlangoni! Nilijitukana kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Lakini kila nilipokata shauri kuachana na habari hiyo, nilimkumbuka mtoto yuko mahali fulani pa amani, peke yake, hana wa kumbeba. Upande mmoja niliweka mama yangu, mume wangu, kwaya, kahawa, mazishi yangu na heshima ya rangi yangu. Upande wa pili niliweka mtoto mmoja aliyeishi nusu siku. Mizani ikakataa kutulia.

Mume wangu ndiye aliyenipa shauri la kujaribu. Alisema niache chai, kahawa na lubisi kwa miezi michache, nione. Kama kinywaji kitanishinda, dini yenyewe nitaiweza wapi? Nadhani alitumaini nitashindwa ndani ya wiki. Kichwa kiliniuma siku tano, kisha kikaacha, na kwa ukaidi wangu nikaendelea. Walimu wenzangu walipoona nami nakunywa maji ya moto na maziwa, mwalimu wa hesabu alisema ule ugonjwa wa tumbo kumbe unaambukiza.

Shule zilipokaribia kufungwa mwezi wa Desemba nilikuwa nimeamua. Mume wa yule mama angeweza kunibatiza ziwani, ila kwanza ilikuwa lazima aandike barua kwa wakubwa wake Marekani kuomba ruhusa. Nikamwambia yule mama aniache niende likizo, nikirudi barua iandikwe. Mama mkwe nilipanga kumwambia hukohuko kijijini, kama nitapata moyo. Nisipoupata, asijue kabisa.

Tulifika Nshamba kwa basi, tukamalizia kwa miguu. Nilipiga magoti nikamwamkia, "Kasinge waitu," naye akanishika mabega kwa mikono miwili kama alivyofanya siku zote. Alikuwa mjane mwembamba mwenye sauti kubwa. Baba mkwe alikufa kabla sijaolewa, na tangu hapo aliendesha kibanja kile kwa amri. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumeheshimiana sana na kuogopana kidogo. Habari ya mtoto hatukuwahi kuitaja.

Tulipokaa akaleta kile kikapu kidogo chenye mfuniko. Asiyetoka kwetu anaweza kudhani kahawa hii ni ya kunywa. Ni buni zilizochumwa bado mbichi, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikatafunwa pamoja na maganda yake. Mwenye nyumba hutafuna kwanza huku mgeni anaona, kuonyesha haina sumu, kisha humpa. Haitolewi kwa ajili ya njaa. Hata wawili wasio ndugu wakitaka kuwa ndugu, hugawana buni mbili zilizokaa katika tunda moja.

"Asante, mama," nikasema. "Tumbo langu halijatulia, labda ni basi."

Aliitikia vizuri. Akaenda mwenyewe jikoni kunitafutia kitu cha moto.

Kesho yake asubuhi akakileta tena kikapu. Safari hii alitafuna buni mbili polepole, akitazamana nami, kisha akafungua kiganja chake mbele yangu. Nikasema tena tumbo. Nilisema hivyo kwa mwanamke ambaye jana yake jioni aliniona nikimaliza sahani mbili za ndizi na maharage. Mume wangu alinitupia jicho lakini hakusema kitu, maana alikuwa ameahidi kuniachia mambo yangu.

Hapo ndipo nilipokosea, na lilikuwa kosa ambalo Mzungu asingelijua na Mhaya asingelifanya. Nilikuwa nimeshughulika na dini mpaka nikasahau adabu. Ukikataa kahawa kwa mtu aliyekwisha kuitafuna mbele yako, hakuna anayesikia habari ya tumbo. Umemwambia kwamba huiamini mikono yake. Na mikono ile ndiyo iliyompokea mwanangu.

Alifunika kikapu. Mchana hakula. Jioni alitutengea chakula akasema yeye ameshiba. Mimi, kwa akili zangu za ualimu, nikadhani amechoka.

Siku ya tatu mume wangu alikwenda sokoni Nshamba. Nilikuwa nafagia uani niliposikia naitwa kutoka kibanjani. Nilimkuta mama mkwe amekaa juu ya majani makavu ya mgomba, nyuma ya nyumba, mahali alipozikwa mtoto, ambapo sikuwa nimekanyaga tangu siku ile.

"Kaa hapa, mukamwana," akasema. Ndivyo tunavyomwita mke wa mtoto wetu.

Nikakaa.

"Miaka mitatu umekula kwangu na kunywa kwangu. Sasa nani amekwambia nilimuua?"

"Waitu, mama! Nani asema hivyo?"

"Wewe umesema. Umesema mara mbili. Nimeitafuna mbele yako kwa meno yangu, ukakataa."

Nikamshika magoti. Maneno yote niliyokuwa nimepanga kumwambia kwa utaratibu yakatoka pamoja: Mmarekani, maji ya moto na maziwa, dini isiyotaka kahawa, barua ya kwenda Marekani, ziwa. Nilimwambia sikumshuku hata siku moja. Nilimwambia namtafuta mtoto, basi, na kwamba padri alisema sitaruhusiwa kumwona.

Padri hakusema hivyo hasa, lakini ndivyo nilivyokuwa nimekuja kumsikia.

Alinisikiliza mdomo wazi. Halafu akaanza kulia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwenye misiba. "Kumbe hujui," akasema. "Kumbe hujui kitu."

"Sijui nini, mama?"

Alikausha uso kwa kanga. Akanieleza akitazama migomba, asinitazame mimi.

"Siku ile maji hayakuwepo. Wanaume walikuwa wamekamua ndizi alfajiri. Tulitaka lubisi ya kumpokea mjukuu, hatukujua anakuja siku hiyohiyo. Maji yote ya nyumbani waliyamwaga kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi. Binti yangu nikamtuma chemchemi, nawe unajua chemchemi ilivyo mbali kiangazi. Wewe umezimia. Mtoto akaanza kubadilika rangi mikononi mwangu. Nikakumbuka mafundisho, kwamba mtoto akitaka kufa mtu yeyote anaweza kumbatiza. Nikashika mtungi, mkavu. Nikashika wa pili, mkavu. Nikachota kwenye mtumbwi."

"Ukachota nini?"

"Maji ya ndizi. Yalikuwa hayajatiwa mtama wa kuyachachua, waitu, hayakuwa pombe. Nikammwagia kichwani mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nikampa jina. Yakamtiririka mpaka mdomoni." Akatoa ncha ya ulimi, akagusa mdomo wake wa juu. "Akalamba, mwanangu. Akalamba mara mbili. Ndipo akaenda."

Baadaye alikuwa amemuuliza katekista kwa kuzungukazunguka: je, mtu akibatizwa kwa kitu ambacho si maji? Katekista akacheka. Akamwambia huo si ubatizo, ni kumdhihaki Mungu. Hakuuliza tena. Tangu siku hiyo aliamini amemfungia mjukuu wake mlango wa mbinguni kwa maji ya kutengenezea pombe. Akaona akiniambia nitamchukia mara mbili, kwa kifo na kwa dhihaka.

Niliitafuta hasira nikaikosa. Kilichonijia kilikuwa nafuu, nafuu kubwa, hata nikaogopa nitacheka. Miaka mitatu nilidhani mtoto wangu alipita hapa duniani bila kuguswa na kitu chochote ila maumivu. Sasa nilijua alikuwa ameshikwa, amesaliwa, ameonja kitu kitamu akakitaka tena. Na alikuwa na jina! Nikamwomba anitajie.

Alikuwa hajalitamka tangu siku ile. Alilitamka kwa sauti ndogo. Lilikuwa jina la baba mkwe, lile la ubatizo. Nami nikalirudia, tukawa tunalisema kwa zamu, wanawake wawili tumekaa juu ya majani makavu.

Ndipo nilipomwambia yale aliyosema Mmarekani, kwamba mtoto mdogo hana cha kuoshwa.

"Hata maji hahitaji?" akauliza.

"Hata maji."

"Hata ndizi?"

"Hata ndizi, mama."

Akapiga paja lake akacheka, sauti yake ile kubwa ikarudi. "Na hao watu kanisa lao liko wapi?"

"Hapa nchini hawana."

"Na kahawa hawataki."

"Hawataki."

Alifikiri. "Basi neno lao hilo tulichukue," akasema. "Hayo mengine tuwaachie wenyewe."

Nimehudhuria semina nyingi maishani, za chama na za dini, na sijasikia hoja iliyomalizwa vizuri zaidi. Nikamwambia naomba kahawa. Tukaingia ndani, akatafuna, akanipa, nikatafuna. Baada ya miezi ile yote ladha yake ilinishtua, machozi yakanitoka upya, naye akanicheka.

Mume wangu alirudi adhuhuri na kipande cha nyama kimefungwa kwenye jani la mgomba. Mama yake alimweleza mwenyewe, kuanzia mtungi mkavu hadi mwisho. Alikaa kibarazani, nyama mapajani, damu inamchafua suruali, hana habari.

"Alilamba?" akauliza.

"Alilamba," mama yake akajibu.

Akacheka mara moja, kwa ghafla, kisha akajifunika uso kwa kofia. Tulimwacha hapo mpaka alipojisikia kuinuka.

Mwezi wa Januari nilirudi mjini nikiwa na hofu ya kumkabili yule mama. Nilimwambia barua isiandikwe. Nilimweleza yote, hata la mume wangu kusimamishwa mlangoni, kwa sababu sikutaka adhani ni kahawa peke yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama sasa moyo wangu umetulia kuhusu mtoto. Nikasema umetulia. Akanikumbatia mbele ya wasichana, sindano bado iko mkononi ikanichoma mgongoni. Mkataba ulipoisha waliondoka kama mume wangu alivyotabiri, nami nilimlilia kama dada. Miaka mingi baadaye nilisikia ile sheria ya ukuhani imefutwa, nikafurahi kwa ajili yake.

Kwa hiyo nilibaki Mkatoliki, ila wa kuuliza maswali. Mimi nilikuwa nimetua mzigo. Mama mkwe alikuwa ametua nusu tu. Neno la Mmarekani lilimfariji siku za kazi, lakini Jumapili, akimwona padri altareni, hofu ilimrudia, maana padri ndiye mwenye mlango na yeye, mama mkwe, ndiye aliyemdhihaki Mungu. Alikwepa kitubio tangu mtoto alipokufa. Ilifika Kwaresima ndipo akaniita kutoka mjini nimsindikize, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Nilimngoja kwenye benchi. Alikaa humo ndani muda mrefu kuliko waungamaji wote waliomtangulia, mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa. Padri alikuwa yuleyule aliyekalia kigoda chetu. Mama mkwe alipotoka nilimuuliza amepewa malipizi gani kwa dhambi zake.

"Hakunipa," akasema. "Aliniuliza jina la mtoto, nikamtajia. Akaniuliza mara ya pili, nikamtajia tena. Halafu akanipa ondoleo, akafunga kidirisha."

"Hakusema kama mtoto yuko mbinguni?"

"Hakusema."

Hatukujua tulielewe vipi. Mama mkwe aliamini padri amekasirika hata akakosa maneno. Miezi ikapita, kahawa ikachumwa, ikauzwa, padri akawa anatusalimia kama kawaida, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mwezi wa Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, kila familia ilipeleka karatasi yenye majina ya watu wake ili yasomwe katika misa. Mimi ndiye niliyeandika ya kwetu. Nilipofika mwisho nilimtazama mama mkwe, naye akatikisa kichwa. Mtoto hatukumwandika. Tuliogopa itakuwaje jina lake lisiposomwa.

Kanisa lilijaa hadi nje. Padri alisoma karatasi moja baada ya nyingine kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na baada ya kila familia watu waliitikia sala. Alipofika yetu niliyatambua majina kwa mpangilio wake: shangazi, wajomba, babu. La mwisho lilikuwa la baba mkwe. Akalisoma. Kisha akashusha karatasi, akatazama upande wetu, akalitaja jina lile mara ya pili, na baada yake akaongeza neno moja: mtoto.

Mama mkwe alinishika mkono kwa kucha. Kanisa zima likaitikia.